Sura ya 4: Ng'ombe Wangu, Zizi Langu

"Ng'ombe ni wangu, zizi ni langu, shamba nina hati yake. Sasa serikali inatafuta nini kwenye mavi?"

Swali hili huulizwa barazani. Likiulizwa watu hucheka, kisha hunyamaza wamsikie chifu atajibu vipi. Nimelisikia Saboti, nimelisikia Kimilili, na siku moja nililisikia ndani ya matatu iliyotoka Chwele, likiulizwa na mama aliyepakata kuku wawili waliofungwa miguu. Mama huyo alikuwa amepewa onyo na afisa wa afya kwa sababu ya lundo lililokuwa nyuma ya jiko lake, na kosa lake hakuliona. Nyasi za nepia za kiangazi alinunua mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri anakamua mwenyewe, na kuzoa anazoa mwenyewe. Siku zote hizo afisa hakuwapo.

Anayeuliza hivyo ana hoja, na sura hii haitamkejeli. Ila jibu langu naliweka mezani mapema: kinyesi ni chako mpaka pale kinapotoka kwako, na kinatoka mapema kuliko unavyodhani. Kinatoka usiku, mvua ikipiga mabati, wewe umejifunika blanketi.

Kabla hatujaenda mbali, maneno matatu. Samadi ni kinyesi cha mifugo kilichochanganyika na mkojo na majani ya kulalia, kinapotumiwa kurutubisha shamba. Mboji ni samadi, mabua na maganda ya jikoni yaliyorundikwa kwa mpango yakaoza hadi yakafanana na udongo mweusi. Taka ni neno la watu wa sheria, na kwao ni kitu ambacho mwenyewe amekitupa au ameshindwa kukitunza. Utaona kwamba kinyesi kilekile chaweza kuwa samadi asubuhi na taka jioni. Hakikubadilika. Kilihama tu.

## Lita 120,000 za strungi

Chukua zizi la wazi la mita 10 kwa mita 10. Trans Nzoia hupata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka. Mwaka mwingine huzidi, mwingine hupungua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi juu ya zizi hilo huanguka lita 120,000 kila mwaka. Ni matangi 12 ya lita 10,000, yote yanamwagwa juu ya samadi yako, kisha mengi yake yanaondoka.

Nimewahi kusimama kando ya zizi la aina hiyo upande wa Machewa, huko Saboti, mwezi wa Mei, mvua ikiwa ndiyo inakatika. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mti wa mwisho wa ua, yana rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa, na povu pembeni. Yalipita kwenye alama za kwato za ndama, moja ikijaa na kumwagikia nyingine, mpaka yakafika kwenye kijia cha kwenda mtoni. Pale yakapata mteremko, yakaacha uvivu. Bata wawili walikuwa wanachokora ndani yake. Mita 50 chini, kijana alikuwa ameinamisha mtungi wa njano kwenye kijito, ananinginiza mguu mmoja akisubiri ujae.

Mwenye boma alinionyesha lundo lake kwa fahari. Lilikuwa kubwa kweli. Lakini kilichobaki pale kilikuwa makapi. Uzuri wa samadi uko katika vitu vinavyoyeyuka, na vitu vinavyoyeyuka ndivyo maji hubeba kwanza. Vile vile kwa mkojo: karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, imo kwenye mkojo, ambao katika zizi la udongo hunywewa na ardhi au hupaa hewani. Harufu ile inayokuchoma macho ukifungua banda la kuku ni amonia, yaani naitrojeni yako ikiaga.

Naitrojeni ndiyo huyapa mahindi ukijani na urefu. Fosforasi husukuma mizizi na kujaza punje. Potasiamu huimarisha shina. Hivi vitatu ndivyo unavyolipia ukinunua gunia dukani.

Tuhesabu kwa shilingi, maana hapo ndipo barazani watu hunyoosha migongo. Ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa hutoa kilo 20 za kinyesi kibichi kwa siku, wengine zaidi. Kwa mwaka ni kilo 7,300, tani saba na ziada. Sehemu kubwa ni maji, lakini ndani yake mna naitrojeni ya kama kilo 29, bila kuhesabu mkojo. Gunia la kilo 50 la CAN, ile mbolea ya kukuzia, lina kilo 13 za naitrojeni. Ng'ombe mmoja, kwa kinyesi chake tu, amekushushia magunia mawili ya CAN mlangoni. Mwaka wa 2022 gunia la DAP la kupandia lilipopita shilingi 6,000, kabla ya ruzuku ya serikali kulishusha hadi 3,500 na baadaye 2,500, magunia hayo mawili hayakuwa mchezo. Na bado kuna watu waliokopa chamani kununua mbolea huku yao ikiteremka kwenda kijitoni.

Hicho ndicho kiini cha sura nzima. Hasara ya mkulima na uchafuzi wa mto si mambo mawili. Ni maji yaleyale, yakitazamwa kutoka juu na kutoka chini.

## Mgomba mnene, mahindi ya manjano

Ingia kwenye boma lolote la ekari moja au mbili kati ya Kitale na Mlima Elgon, uangalie mimea kabla ya kusalimia. Mgomba ulio karibu na zizi una shina usiloweza kulikumbatia. Sukuma wiki iliyo nyuma ya jiko ina majani mapana kama sinia. Sasa tembea mpaka mwisho wa shamba, kule mahindi yanakopakana na jirani. Majani ya chini yamegeuka manjano, manjano inaanzia nchani na kushuka katikati ya jani kama ulimi. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Shamba ni moja, mwenyewe ni mmoja, mvua ni moja.

Kilichotokea ni hiki: nepia na mabua hukatwa kila pembe ya shamba, mengine hununuliwa kwa jirani, yote yakaletwa zizini. Ng'ombe akala, akatoa. Kilichotoka kikatupwa hatua 10 kutoka pale kilipotoka. Mwaka baada ya mwaka rutuba ya shamba zima inahamia nyuma ya jiko.

Mbona kinyesi hakirudishwi? Wataalamu wa kilimo husema mkulima hajui. Mimi sikubaliani nao. Mkulima wa Saboti anajua samadi kuliko afisa yeyote. Mgomba wake ni ushahidi. Tatizo ni wilbaro.

Huku kwetu ardhi ina mteremko, na watu wengi hujenga nyumba juu, zizi chini, ili harufu na inzi wasisumbue. Hekima hiyo ina bei yake: samadi inakaa mahali pa chini kabisa, karibu na maji, na mahindi yako juu. Maji yanaibeba kwenda chini bure, usiku na mchana. Kuipandisha juu kunataka mgongo wa mtu. Tani saba ni wilbaro zaidi ya 100, tena za mlimani, na anayezisukuma ni mama au kijana aliyefunga shule. Ukimlipa mtu wa kibarua unapiga hesabu ya siku kadhaa. Gunia la dukani linafika kwa bodaboda kwa dakika 15.

Sheria yoyote ya samadi isiyojua nani anasukuma wilbaro itabaki kwenye karatasi.

Kwa ufupi: Samadi hupotea kwa njia tatu: maji huibeba, hewa huinyonya, na uvivu wa mteremko huiacha palepale. Mbili za kwanza humdhuru pia jirani. Ya tatu hukudhuru wewe.

## Chini ya mto

Vijito vya Saboti huishia Mto Nzoia, unaokusanya maji ya Elgon na ya milima ya Cherangani, ukapita Webuye na nchi ya miwa ya Mumias, ukaingia Ziwa Victoria kule Budalangi. Miongoni mwa mito ya Kenya inayoingia ziwani humo, huu ndio wenye maji mengi zaidi. Naitrojeni na fosforasi hazisahau kazi yake zikifika majini. Zilikuwa zikuze mahindi. Zinakuza mwani na gugumaji. Gugumaji lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na limewahi kufunga ghuba ya Winam, pale Kisumu, boti zikashindwa kutoka. Lingali linarudi. Sitadai kwamba zizi la Machewa ndilo lililofunga bandari ya Kisumu. Viwanda, vyoo vya miji na udongo wa mashamba vimo. Lakini tone la zizi limo pia.

Karibu zaidi na nyumbani kuna kisima. Naitrojeni ikizama ardhini hugeuka naitreti, chumvi isiyo na rangi wala ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga: ikizidi, damu yao hushindwa kubeba hewa vizuri, mtoto akabadilika rangi midomo. Kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Kwa kuwa maji hupungua, huizidisha. Kuchemsha huua vijidudu, na hao pia wapo kwenye kinyesi: bakteria wa kuhara, salmonela na mayai ya minyoo. Typhoid, ile homa ya matumbo inayotajwa kila kliniki, hutoka kwa binadamu. Hiyo tusimsingizie ng'ombe.

Halafu inzi. Penye joto, yai la inzi wa nyumbani huwa inzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Hesabu hiyo moja inatosha kupanga kazi: lundo likiguswa kila wiki, likageuzwa au kufunikwa, kizazi kinakatika. Likikaa wiki tatu, unafuga.

## Sheria inasemaje

Serikali haiingii zizini kwa mlango mmoja. Inaingia kwa mingi, na milango hiyo haijuani vizuri.

Mlango wa kwanza ni wa zamani: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Inazungumzia kero, yaani kitu kinachoudhi watu au kuhatarisha afya yao, na miongoni mwa kero inataja wazi malundo ya samadi na mabanda ya wanyama yaliyo katika hali mbaya. Afisa wa afya aliyemwandikia onyo yule mama wa kwenye matatu alipitia hapa. Zingatia kwamba samadi yenyewe si kosa. Kosa ni samadi iliyokaa vibaya.

Mlango wa pili ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyozaa mamlaka inayojulikana kama NEMA. Chini yake zilitungwa kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizokataza kuchafua vyanzo vya maji, na zilizosema usilime wala kujenga kandokando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, ukianzia pale maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko.

Mlango wa tatu ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, jirani yako wa chini ya mto akiwemo. Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti kazi ya kilimo na kazi ya takataka, kwa hiyo afisa wa kilimo anayekuambia utumie samadi na yule wa taka anayekuambia uiondoe wanalipwa na serikali moja ya kaunti.

Mlango wa nne ni mpya: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, zinazooza kando na zisizooza kando, na kaunti ziweke mahali pa kupokelea, kuchambua na kurejesha kinachofaa.

Ukizisoma kwa pamoja unaona zote zimeandikwa kwa lugha ya uchafu. Zinasubiri kinyesi kifike kwenye mto, kwenye pua ya jirani au kwenye jaa, ndipo ziseme. Mabati manne juu ya zizi yangefanya kazi kubwa kuliko onyo lolote, lakini onyo ni la karatasi na mabati ni ya pesa.

Kuhusu zile mita 6 nina la kuongeza. Kama shamba lako limepakana na kijito kwa urefu wa mita 60, umeambiwa uache mita za mraba 360. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo umepoteza karibu sehemu moja ya kumi na moja ya ekari. Kwa mwenye ekari moja hiyo si ndogo, na asidanganywe kuwa ni ndogo. Mimi namshauri aufanye ukanda huo kuwa wa nyasi za kudumu zisizolimwa kila msimu. Nyasi nene hushika matope na samadi kabla havijaingia majini, na ng'ombe hula.

## Wenzetu waliozidiwa

Msomaji anaweza kudhani tatizo la samadi ni la umaskini. Aende Uholanzi. Mwezi wa Mei 2019 mahakama kuu ya masuala ya utawala ya nchi hiyo ilibatilisha mpango wa serikali wa kutoa vibali kwa shughuli zinazomwaga naitrojeni, na Oktoba mwaka huohuo wakulima wakaingia The Hague na matrekta yao, barabara zikafungana kwa kilomita nyingi. Ng'ombe na nguruwe wao hula soya iliyotoka mbali kwa meli, kisha kinyesi kinabaki Uholanzi. Ni ile hadithi ya mgomba mnene na mahindi ya manjano, ila mgomba ni nchi nzima na mahindi yako ng'ambo ya bahari.

Tangu 1991 Ulaya ina kipimo: samadi isizidi kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa ekari ni karibu kilo 69. Rudi sasa Saboti. Ina wadi tano, na wakati Saboti yenyewe na Machewa ziko upande wa mlima, Matisi na Tuwani zimeshikana na mji wa Kitale, nyumba ukuta kwa ukuta. Ng'ombe wetu wa kufungiwa, kinyesi na mkojo pamoja, anakaribia kilo 50 za naitrojeni kwa mwaka. Mwenye wawili kwenye ekari moja ana kilo 100. Hata ukiondoa kinachopaa hewani, huyo yuko kwenye mstari wa Ulaya au ameuvuka. Na wengi wa Matisi wenye ng'ombe wawili hawana ekari, wana robo. Kilomita chache kutoka hapo kuna ekari za mahindi ambazo hazijaona samadi tangu hati zigawanywe.

Kwa hiyo sikubaliani na wasemao Trans Nzoia ina samadi kidogo, wala na wasemao ina nyingi. Imekaa vibaya.

## Gunia lililoandikwa "asili"

Sheria huandikwa kwa ajili ya kinachotoka zizini. Kuna wakati ilihitajika kwa kinachoingia shambani. Machi 2024 uchunguzi wa wanahabari ulifichua kwamba magunia yaliyouzwa kwa mkulima kwenye mpango wa ruzuku kama mbolea ya asili hayakuwa na cha kumfaa. Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lilipima likakuta hayafikii kiwango. Serikali ikaahidi fidia. Mwezi wa Mei hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo ikafika Bungeni, kamati teule ikasema madai hayakuthibitishwa, ikaishia hapo. Mvua haikungoja kamati. Trans Nzoia hupanda mahindi mara moja kwa mwaka, kuanzia Machi na Aprili, na mbegu za muda mrefu kama H614 hukaa shambani miezi sita na zaidi. Ukikosea kupanda, umekosea mwaka.

Nalitaja hilo kwa sababu ya neno "asili". Kwenye gunia ni neno tu, huwezi kulionja. Mboji yako unaweza kuipima kwa vidole, na nitakuonyesha.

## Kutunza: paa, sakafu, shimo

Fanya kwa mpangilio huu, kadiri mfuko unavyoruhusu:

1. Zuia maji ya juu. Chimba mtaro upande wa mlimani ili maji ya shambani yasipite zizini. Gharama yake ni jembe na asubuhi moja.
2. Funika lundo. Majani ya migomba yanatosha, nailoni kuukuu inatosha zaidi.
3. Weka paa pale ng'ombe anapolala.
4. Sakafu ngumu yenye mwinamo, na shimo la kukusanyia mkojo.

Watu wengi huanzia namba 4 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye picha za vipeperushi, pesa ikaishia kwenye saruji.

Mboji ndiyo nina mapenzi nayo, na si kwa sababu za kimazingira. Lundo la mboji likiiva hupungua karibu nusu. Unakumbuka wilbaro? Mboji ni samadi iliyopunguziwa mzigo kabla ya kupanda mlima. Kituo cha Manor House, kilichoanzishwa karibu na Kitale mwaka wa 1984 baada ya ukame wa miaka hiyo, kimefundisha vizazi vya wakulima kulegeza udongo kwa kina cha sentimita 60 na kurundika hivi: tabaka la mabua makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, udongo kidogo, maji, kisha rudia. Choma fimbo katikati ya lundo. Baada ya siku tatu nne ichomoe uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uhamishe kiganja, lundo linafanya kazi. Nyuzi 55 hadi 65 za selsiasi huua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Ikiwa ya baridi na imelowa, lundo limezama maji. Ya baridi na imekauka, mwagia. Likipoa, ligeuze la nje liingie ndani. Mboji iliyoiva haina harufu ya kinyesi. Inanuka msitu baada ya mvua, na ukiifinya haichuruziki.

Usiruke hatua. Mimi niliwahi kuchukua samadi mbichi ya kuku, nikaipanga kwenye mashina ya sukuma wiki kwa ukarimu wa mtu asiyejua. Siku ya nne majani yalikuwa yamekunjamana kama karatasi iliyokaribia moto. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe; mbichi huunguza.

Bayogesi ni gesi inayotoka samadi ikioza ndani ya tangi lisiloingiza hewa. Sehemu kubwa ni methani, inayowaka. Si mgeni Kenya: mtambo wa kwanza ulijengwa 1957 kwenye shamba la kahawa, na mwaka wa 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa kuisambaza majumbani. Ng'ombe wawili, kilo 40 za kinyesi na lita 40 za maji kwa siku, wanaweza kukupa gesi ya kupikia kama saa nne kwenye moto mmoja. Mama aliyeacha kupuliza kuni mbichi hahitaji maelezo zaidi. Lakini mitambo mingi niliyoikuta imekufa, ilikufa kwa moja ya mambo mawili: ng'ombe waliuzwa karo ilipofika, au mchota maji alichoka. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitangulizi. Gesi haichukui naitrojeni. Naitrojeni yote inatokea upande wa pili kwenye tope, na sasa tope lile limeongezewa maji, uzito umekuwa maradufu. Kama shamba lako liko juu ya mtambo, umejiongezea kazi.

Kwa hiyo anayejenga upya nampa ushauri ambao mkewe hataupenda: zizi liende juu ya shamba, nyumba ikae pembeni. Tope literemke lenyewe kwa mifereji hadi kwenye kingo za "fanya juu" zilizopandwa nepia, likomee hapo. Kisima kisiwe chini ya zizi, na umbali wa mita 30 unaozoeleka kwa vyoo usipunguzwe. Wazee walilijua hilo kwa njia yao: boma lilihamishwa, na pale lilipokuwa pakapandwa wimbi au mahindi. Badala ya kubeba samadi waliwabeba ng'ombe, na ng'ombe wana miguu.

Kwa ufupi: Kama mteremko uko nawe, bayogesi. Kama mteremko uko dhidi yako, mboji.

## Mkokoteni wa Tuwani

Anayebaki ni mtu wa mjini, mwenye ng'ombe wawili na robo ekari, ambaye hana pa kupeleka hata akifunika vipi. Kwake mboji ni biashara au ni kesi. Kaunti ikitaka kumsaidia haina haja ya kujenga kiwanda. Iweke uwanja wenye paa karibu na soko, ambapo maganda ya ndizi na kabichi za soko la Kitale yatakutana na samadi ya Tuwani, na malori yanayoshusha mahindi mjini yasirudi Machewa matupu. Sheria ya 2022 imekwisha kuruhusu. Nani alipe dizeli ndiyo itakuwa mabishano, na yafanyike barazani.

Kwa sasa uwanja huo haupo, na kazi inafanywa na vijana wa mikokoteni. Nilimwona mmoja Tuwani asubuhi baada ya mvua ya usiku. Mama alikuwa amepata mnunuzi wa magunia sita upande wa Kinyoro, magunia yamepangwa ukutani, yamelowa, yanachuruzika kijito chembamba hadi barabarani. Kijana aliinua moja, akalishusha. Akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Hii ni maji, mama. Maji mimi sibebi."

Mama alisimama kidogo akiyatazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha nailoni.

"Basi urudi Alhamisi," akasema.